Kungwi na Paka Asiyejua Kukaa

Ukitaka kujua mtu kalelewa na nani, huna haja ya kuuliza ukoo wake. Mkaribishe mkekani, tulia, mtazame anavyokaa. Ndivyo alivyokuwa akisema Bi Somoe binti Athumani wa Mtawanya, na kwa kuwa alilisema neno hilo miaka thelathini bila kulibadili, watu waliacha kulibishia wakaanza kuliogopa.

Bi Somoe alikuwa kungwi. Wasichana wa mitaa mitatu walipita mikononi mwake walipovunja ungo, na aliyowafunda huko ndani si yetu kuyaanika hapa. Lakini somo moja halikuwa siri, kwa sababu alilitoa hata njiani kwa watu asiowajua, nalo ni namna ya kukaa. Mwanamke hukunja miguu yote upande mmoja, hufunika magoti kwa khanga, na unyayo wake hauelekei kwa mtu yeyote, seuze mkwe. Anayekunyooshea mguu, alisema, kakutukana bila kufungua kinywa. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe, mwanamume mzima na mhuri wake mfukoni, akifika kwa Bi Somoe alikaa kabana magoti kama mwali wa siku ya kwanza. Muuza dagaa, aliyezoea kuchuchumaa popote, hapo alisimama. Aliona kusimama kuna usalama zaidi.

Sasa, kungwi huyu alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa magotini. Ilianza kama miaka kumi nyuma, goti la kulia kwanza, la kushoto likafuata kwa kuiga. Kukaa alikuwa akikaa, kwa kuuma meno. Balaa lilikuwa kuinuka. Na kungwi anayeinuka kwa kulia "mama nakufa" mbele ya wali wake, wasichana anaowafunda, ni sawa na mwadhini aliyepoteza sauti. Watu watamwonea huruma, halafu watatafuta mwingine.

Kwa hiyo Bi Somoe alibuni sindano. Wageni wakiaga, yeye hupapasa mkeka na kusema, jamani subirini kidogo, nimedondosha sindano hapa. Hapo huenda kwa mikono na magoti, akitafuta huku, akitafuta kule, mpaka afike kwenye kinu au kizingiti au bega la mgeni mwenyewe, na hapo ndipo huinuka, uso ukiwa wa mtu aliyekosa sindano, si wa mtu aliyekosa goti. Miaka kumi hiyo sindano haikuonekana, na hakuna aliyewahi kumwona Bi Somoe akishona.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Fadhili, aliyemzaa na marehemu Ramadhani. Fadhili alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, umri miaka thelathini na mmoja, mpole, mzito wa maneno, na mama yake alishaanza kuhesabu miaka hiyo kwa sauti kila Ijumaa. Ijumaa moja Fadhili akamjibu. Alikuwa ametoka Mpapura kutengeneza mlango wa ghala la korosho, na huko ameona binti. Anaitwa Salma. Mama yake ni Bi Rukia, wakulima, watu wa dini. Angependa mama akamwone.

Bi Somoe hakulala kwa furaha, na kesho yake akamchukua wifi yake, Bi Tatu, dada wa marehemu. Bi Tatu alichukuliwa kwa sababu kutomchukua kungekuwa vita, na pia kwa sababu shughuli ambayo Bi Tatu hakuiona huhesabiwa mtaani kuwa haijatokea.

Ilikuwa msimu wa korosho. Mpapura nzima ilinuka mabibo, na uani kwa Bi Rukia korosho zilianikwa mpaka mlangoni, wageni wakapita kwa kuinua khanga. Bi Rukia alitandika mkeka mpya barazani. Salma akatoka ndani na sinia la mihogo ya kuchemsha na juisi ya mabibo. Akaamkia vizuri. Sauti nzuri, macho chini, sinia limetua bila kulia. Bi Somoe alishaanza moyoni kuwapa wajukuu majina.

Halafu binti akakaa. Alishika nguzo ya baraza, akatua kwa upande, akajaribu jambo fulani na mguu wa kushoto, akaliacha, akajaribu tena, akaliacha. Mguu ukanyooka moja kwa moja juu ya mkeka mpya, na unyayo ukamtazama Bi Somoe usoni.

Bi Tatu alikohoa. Bi Somoe, kwa kuwa yeye ana adabu, alikunywa juisi yake mpaka tone la mwisho, akauliza habari za mvua, akasifu korosho. Wakati wa kuaga alidondosha sindano kama kawaida, na watu wa nyumba hiyo, kwa wema wao, walishuka wote kuitafuta. Bi Rukia aliapa kwamba ikionekana ataituma hata kwa bodaboda. Kwenye bajaji Bi Tatu alisubiri hukumu mpaka wakafika barabara ya lami. Bi Somoe alisema, hapana.

Fadhili aliipokea habari akiwa anakula. Mama yake alieleza yote: mguu, unyayo, mkeka mpya, aibu. Akamaliza kwa kusema kwamba binti ni mzuri lakini hakufundwa, na kungwi hawezi kuingiza nyumbani kwake mkwe asiyejua kukaa, watu watamcheka mpaka kaburini. Fadhili alimaliza ugali wake, akanawa, akasema kama si Salma basi hataoa. Mwisho wa mwezi anahamia Madimba, kuna kazi nyingi ya kuchomelea upande ule na chumba ameshapata. Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomtisha Bi Somoe, maana hasira ina mwisho wake.

Alibaki na siku kumi na tisa za kumpoteza mtoto wake wa pekee, na hakuona njia ya kurudi nyuma. Neno la miaka thelathini huwezi kulimeza kwa sababu mwanao kanuna. Na katikati ya balaa hilo, paka naye akaamua kumvunjia heshima.

Paka huyo aliitwa Mwali. Aliingia nyumbani miaka kumi na mmoja nyuma, kadogo, wakati Bi Somoe ana wali ndani, naye akajifungia nao wala hakutoka mpaka wenzake walipotolewa kwa ngoma. Jina likabaki. Sasa alikuwa mnene, rangi ya chungwa na nyeupe, mlaji wa vichwa vya changu, na siku zote alikuwa sifa ya nyumba. Alikuwa akikaa miguu pamoja, mkia umezungushwa vizuri mbele ya vidole, na Bi Somoe alikuwa akiwaonyesha wali: mtazameni mnyama, yeye hajui kusoma lakini anajua kukaa.

Wiki ileile ya Mpapura, Mwali alianza kukaa kama mzee wa bao aliyeshiba. Alitua kwa makalio, akaegemeza mgongo ukutani, tumbo likamwagika mbele, na miguu ya nyuma akaitanua, mmoja huku na mmoja kule, akitazama barabara. Akichoka hivyo alilala kifudifudi na miguu imenyooshwa nyuma, kama samaki aliyepasuliwa akaanikwa. Akikaa wima, mguu mmoja wa nyuma ulitoka pembeni peke yake, umeelekezwa kwa wageni.

Bi Tatu ndiye aliyemwona kwanza, bila shaka. Alikaa, akatazama, akatoa simu. Picha ilifika kwenye kundi la WhatsApp la kinamama wa mtaa kabla chai haijapoa. Chini yake Bi Tatu aliandika kwamba mganga hajigangi, hilo analijua, lakini hata paka? Kufikia Jumapili watu walikuwa wakipita nje wakipunguza mwendo. Wali watatu waliokuwa wakifundwa walishikana mikono wasicheke, mmoja akashindwa, akatolewa nje, na huko nje akacheka mpaka akahitaji maji.

Bi Somoe aliingia kazini. Asubuhi moja alimketisha Mwali mkekani, akamkunja mguu wa kushoto, akamkunja wa kulia, akamwambia tulia. Mwali, ambaye hajawahi kumng'ata mtu maishani mwake, alimng'ata kungwi wake kidole gumba. Akajaribu kumfunika kwa khanga, ili angalau utupu ule uwe wa ndani. Paka akakaa vilevile chini ya khanga, na sasa watu wakawa wanaona khanga iliyotanua miguu, jambo baya zaidi. Bi Tatu alikuja kutoa pole na kukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi, na huyu, wifi yangu, ni mkavu wa miaka kumi na mmoja.

Aliyeona kitu kingine ni Fadhili. Alikuwa hasemi sana na mama yake siku hizo, kwa hiyo alipata muda wa kutazama. Aliona kwamba Mwali hapandi tena dirishani, mahali pake pa tangu utoto. Anafika chini ya dirisha, anatazama juu, anafikiri, anaghairi, halafu anajilamba mkono kama mtu aliyekuwa anapita tu. Ngazi tatu za uani anashuka ubavu ubavu. Manyoya ya mgongoni yamevurugika kwa sababu hayafikii kuyalamba. Fadhili hakumwambia mama yake kitu. Alikwenda kumleta Dercio.

Dercio alikuwa bwana mifugo, mtoto wa Mzee Jeronimo aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani, na kazi yake ilikuwa mbuzi, kuku, na chanjo ya mbwa wa mtaa. Kuitwa kwa ajili ya mkao wa paka hakukuwahi kumtokea, na njiani alimuuliza Fadhili mara mbili kama anataniwa. Walimkuta Bi Somoe barazani, Mwali mbele yake ametanua miguu, na mama mwenyewe mkononi ana nusu kidonge cha paracetamol alichokisaga kwenye kijiko na mchuzi wa dagaa. Alikuwa amewaza kwamba labda paka anaumwa tumbo, na kidonge kile humsaidia yeye mwenyewe kila asubuhi kwa jambo ambalo si la watu.

Dercio hakuamkia. Alikichukua kijiko kile mkononi mwa mtu mzima, akamwaga mchuzi kwenye mchanga, akaufukia kwa mguu. Kisha ndipo aliposema shikamoo, akaomba radhi, akaeleza kwamba dawa hiyo ya watu kwa paka ni sumu, hata kipande kinamuua. Bi Somoe, ambaye alikuwa na hotuba tayari juu ya vijana wanaopora vijiko, aliimeza. Alimvuta Mwali karibu.

Dercio alikaa chini akafanya kazi yake. Alimfanya Mwali atembee, akaweka dagaa mmoja juu ya kiti, na paka akamtazama dagaa yule kwa huzuni bila kupanda. Alimpapasa uti wa mgongo, goti, kisha akaunyoosha mguu wa nyuma taratibu na kuuzungusha kidogo kwenye nyonga. Mwali alitoa sauti ambayo Bi Somoe hakuwahi kuisikia.

"Mama, huyu hajakosa adabu," Dercio alisema. "Nyonga inamuuma."

Alieleza polepole, kwa kuwa aliona anasikilizwa. Mifupa miwili inapokutana pana kitu laini katikati, na uzee na unene hukila. Kikiisha, mfupa unasaga mfupa. Bila picha ya hospitali hawezi kuapa, lakini dalili zote zinaelekea huko: haruki, hashuki sawasawa, hajilambi mgongo, na akikaa hutafuta namna ambayo nyonga haikunjwi. Mkao ule wanaoucheka ndio unaompa nafuu. Kumkunja miguu ni kumtesa.

"Paka hasemi naumwa," alisema. "Hata kulia halii. Anabadili mkao tu, sisi tunacheka."

Akatoa maagizo. Vichwa vya changu vipungue, maana kila mzigo wa tumbo unabebwa na nyonga ile ile. Alale juu ya kitu laini, si sakafu ya saruji. Chini ya dirisha liwekwe tofali na boksi, apande kwa hatua kama wazee wanavyopanda. Dawa ya paka yenyewe ataileta kesho, kwa kipimo, na baada ya wiki mbili atakuja kumtazama tena.

Dercio akaaga. Bi Somoe, kwa mazoea, akapapasa mkeka na kusema ngoja kwanza, kuna sindano imedondoka. Kijana yule, mtu wa kuchukua maneno kama yalivyo, alipiga magoti akatafuta kwa bidii. Akakunja pembe ya mkeka, akaukung'uta, akamulika kwa simu mchana wa jua kali. Hapo akainua macho na kumwona Bi Somoe kashika kinu kwa mkono mmoja na goti kwa mkono wa pili, midomo imebanwa, mguu wa kulia umetangulia pembeni peke yake. Akatazama mguu ule. Akamtazama Mwali. Akazima taa ya simu.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, "hiyo sindano ilianza kupotea lini?"

Bi Somoe alitazama barabarani kama kuna mtu anasikia. "Miaka kumi," alisema.

Dercio hakucheka, na kwa hilo Bi Somoe anampenda mpaka leo. Alimwambia tu kwamba magoti ya watu si kazi yake, ila hospitali wapo wanaoyajua, na aende kabla hayajamfikisha pabaya. Akampa mkono, akamwinua, akachukua baiskeli yake.

Mchana huo Bi Somoe alimtandikia Mwali blanketi la zamani la marehemu, akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akakikamua na kumwekea kwenye nyonga. Paka aliinyoosha ile miguu yote miwili mbele yake, akafumba macho, akaanza kukoroma. Na hapo, huku kashika kitambaa, Bi Somoe aliona mbele yake baraza ya Mpapura. Aliiona ile nguzo. Aliona mkono wa Salma ulivyoishika kabla ya kukaa. Aliona mguu ulivyojaribu mara ya kwanza, na mara ya pili, na jasho juu ya mdomo wa binti, jasho alilolihesabu siku ile kuwa ni kiburi kinachotoka. Mtu anayejua kukaa kuliko watu wote wa Mtawanya alikuwa amemtazama mtu mwenye maumivu nusu saa nzima, tena maumivu anayoyajua kwa jina, na hakuyaona. Aliona aibu, ile inayopanda mpaka masikioni.

Akakumbuka na wengine. Miaka thelathini ni wali wengi, na fimbo yake ndogo ya mpera ilikuwa imegonga magoti mengi yaliyochelewa kukunjika. Wangapi walikuwa wavivu, na wangapi walikuwa kama Mwali? Hakujua, na hakuwa na wa kumuuliza.

Fadhili aliporudi jioni alimkuta mama yake hajapika. Bi Somoe alimuuliza swali moja: mguu wa Salma una nini? Fadhili aliweka mfuko wake chini. Alieleza kwamba Salma alianguka kutoka kwenye mkorosho akiwa na miaka tisa, akichuma mabibo, na nyonga haikukaa sawa tena. Anatembea, analima, anabeba maji, ila kukunja mguu ule ni moto.

Mama yake akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, ungemkataa kwa ajili ya mguu," Fadhili alijibu. "Nikaona afadhali umkatae kwa adabu. Adabu inafundishika, na mwalimu ni wewe."

 Bi Somoe angeweza kukasirika, na alilitafuta neno la kukasirikia, lakini kila alilolishika lilikuwa na ukweli ndani yake. Mwishowe alimwambia mwanawe apeleke salamu Mpapura kwamba Alhamisi watakuja tena. Akaenda kuwasha jiko, na dagaa za Mwali siku hiyo zilikuwa nne tu.

Alhamisi waliondoka yeye na Bi Tatu, ambaye hakuambiwa kitu na alikuwa akiumwa kwa kutokujua. Uani kwa Bi Rukia korosho zilishaingia ghalani, pakafagiliwa, na mkeka ni ule ule. Bi Rukia aliwapokea kwa heshima ya mtu aliyewahi kukataliwa: kila kitu kipo, ila tabasamu. Kabla hata ya maji, alitoa kwenye pindo la khanga kifuko kidogo cha karatasi, akampa Bi Somoe kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na pakiti ya sindano.

Ile yako tuliitafuta siku mbili, alieleza, tukachekecha hata mchanga. Hatukuiona. Basi nikaona haifai mgeni apoteze kitu nyumbani kwangu.

Bi Somoe alizipokea zile sindano, akazigeuza mkononi. Na kabla hajashukuru, Salma akatoka.

Aliamkia. Akaweka sinia. Akaenda kwenye nguzo, akaishika, akatua, na safari hii akaukunja mguu wa kushoto. Aliukunja kwa mkono, akiusukuma chini ya khanga kama mtu anayefunga sanduku lililojaa, mpaka ukafika upande wa mwenzake. Alikaa hivyo, mgongo wima, miguu yote upande mmoja, mkao ambao Bi Somoe mwenyewe asingeutoa kasoro. Mama yake alikuwa amemfanyisha mazoezi tangu salamu zilipofika. Rangi ilimtoka usoni, jasho likamsimama juu ya mdomo, na mihogo iliyokuwa ikifuka moshi katikati yao hakuna aliyeigusa.

Bi Tatu aligeuka kumtazama wifi yake, akisubiri hukumu.

Bi Somoe aliweka pakiti ya sindano mkekani. Akakamata ukingo wa khanga yake, na mbele ya mkwe mtarajiwa, mbele ya mama yake, mbele ya Bi Tatu mwenye simu, akautoa mguu wake wa kulia kutoka upande alioukunja maisha yake yote na kuunyoosha mbele. Goti lililia, wote wakalisikia. Unyayo ukamwelekea Bi Rukia. Kisha akautoa na wa kushoto, akauweka kando ya mwenzake, akaegemeza mgongo ukutani, na pumzi iliyomtoka ilikuwa imekaa humo miaka kumi.

"Hakuna sindano iliyopotea, Bi Rukia," alisema. "Ni magoti. Nisamehe kwa mchanga wako." Akamgeukia binti. "Na wewe mwanangu, nyoosha mguu. Nilikutazama siku ile nisikuone."

Salma alimtazama mama yake. Bi Rukia alikuwa anautazama unyayo wa kungwi wa Mtawanya, mkavu, wenye nyufa, umetulia kwenye mkeka wake kama uko kwao. Alianza kutabasamu, akajizuia, akashindwa. Salma akautoa mguu chini ya khanga polepole, akaunyoosha, na machozi aliyokuwa ameyashikilia muda wote yakamtoka akiwa anacheka.

Bi Tatu alipiga hesabu zake. Alitazama simu, akairudisha mkobani. Halafu na yeye akanyoosha mguu, akatangaza kwamba wa kwake unamuuma tangu siku ya harusi yake na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hapo ndipo walipoanza kula mihogo.

Mambo ya mahari yaliachiwa wanaume, siku ikapangwa, na habari za Madimba hazikutajwa tena. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mikorosho, bajaji ikapiga honi njiani. Bi Somoe alipapasa mkeka kwa mazoea, mkono ukagusa pakiti ya sindano, akauondoa. Alibaki pale chini, hana pa kushika wala uongo wa kushikia.

Salma alishainuka. Alimjia, akasimama kando yake, akasema kwa adabu zote kwamba ipo njia, kama mama hataona vibaya kuonyeshwa.

"Geukia nguzo kwanza, mama," alisema. "Shika kwa mikono miwili. Tanguliza ule wenye nafuu, unaouma uufuate nyuma. Usiuharakishe."

Bi Somoe, kungwi wa miaka thelathini, akageukia nguzo akafanya kama alivyofundishwa.